Imbwa yenye kubakia Kapata, na kiatu ya bote ya Tata Kabeya

Wakubwa ba humu, jambo kwenu bote.

Mi haiko mutu wa kuandika mingi, na hii nitawaelezea ni kweli tupu, Mungu ananiona.

Niliona bantu banabishana humu kama imbwa ya mu kituo cha kutunza wanyama iko na lazima ya toyi, kitu ya kuchezea. Wengine banacheka: "Ikule, inatosha." Ngojeni kwanza.

Wakati balifukuza bantu ba Kasai hapa Kolwezi, mi nilikuwa mu mutaa ya Kapata, mu nyumba ya kampuni ya migodi. Kazi nayo ilikuwa inakufa. Jirani yangu Tata Kabeya, mutu wa Kasai, tulikuwa tunatumika naye mu atelier moja, kwenye banatengenezaka mashini.

Siku ya kwenda ku gare na bibi na batoto, mu train hapakuwa nafasi ya imbwa. Akanipa kamba ya imbwa yake Tigre juu ya ukuta ya lupango, ule uwanja wa nyumba yake.

"Tata, umuangalie."

"Nitamuangalia." Ningesema nini ingine?

Imbwa za majirani wengine zilibakia kukwaruza milango ya nyumba tupu. Vijana bakaanza kuzipiga mawe. Nikazifungia zote mu lupango ya Tata Kabeya. Bukari yangu, ugali, tukagawana.

Lakini wakubwa, tumbo haiko kila kitu.

Zilikula, kisha zikaanza kuzunguka tu. Moja ilijitafuna mukia mpaka damu. Zilikuwa zinawaza sana. Na mi vilevile. Bibi yangu alishakufaka, na sasa mu avenue yetu hakuna hata mutu wa kunisalimia.

Njo nikazitafutia kazi. Shiye bantu ba atelier hatutupake kitu. Vipande vya mupira ya ule mukanda wa kubebea mawe, nikatoboa, nikafunga kamba, zivutane. Bote za kazi, vile viatu virefu, zenye kuzeeka, nikajaza bukari ndani kabisa, zichokonoe.

Eeh! Ile ya kujitafuna ikasahau mukia yake.

Tigre hapana. Kosa yangu: nilimupa bote yenye Tata Kabeya aliacha nyuma ya mulango. Nilizani atafurahia harufu. Akailalia. Bukari ikaoza ndani, hakuigusa. Ukikaribia, ananguruma. Akakonda mpaka mbavu zote nje. Nikaona huyu atakufa mu mikono yangu, na mi nilishaahidi.

Nikamunyanganya ile bote. Yoo, mama, namna alilia! Nikamupa yangu, na kichwa ya samaki ndani. Akageuza uso.

Ilipita wakati. Halafu asubuhi moja nikasikia kitu inagonga ukuta. Ni Tigre, anarusha bote yangu, anaikimbilia, mukia juu.

Nikakaa chini, nikalia sawa mutoto. Furaha, ndiyo. Lakini Kapata muzima ni yeye peke alikuwa angali anamungoja Tata Kabeya, na mi njo nilimuachisha kungoja.

Kwa hiyo weye mwenye kuchunga imbwa zenye kuachwa, usizipe chakula tu, zipe kitu ya kushugulisha kichwa. Na nguo ama kiatu ya mwenyewe wa zamani, wachia imbwa ya kulalia. Usijaze chakula ndani, usiifanye toyi.

Bengine museme namna yenu.

Na kama ulipandaka ile train na ukaacha imbwa Kapata, andika jina yake hapa chini. Pengine nilimulisha.