Maneno Niliyompunguzia Baba

Tumbo langu lilipoanza kukua, mtaa ulihesabu miezi kabla yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi mjini Garissa, sijaolewa ila nimeposwa na mtu wa Wajir. Nguo zetu ni pana na huficha mengi, lakini hazifichi kila kitu. Wanawake waliouza maziwa karibu na lango la shule, ambao zamani walinisalimia wakinitazama usoni, sasa walilisalimia tumbo. Mmoja aliniuliza kwa sauti laini kama siku hizi nakula sana. Nikamjibu kwamba nakula watu wenye maswali. Ulimi wangu ulikuwa mkali tangu zamani, siwezi kuusingizia ugonjwa.

Shangazi, dada ya baba niliyeishi kwake tangu mama afariki, ndiye aliyenipeleka hospitali. Alinifuata hatua mbili nyuma kama askari na mahabusu wake. Daktari alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili kizuri na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Shangazi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo kila alichosema daktari ilibidi nikigeuze Kisomali mimi mwenyewe, mgonjwa.

"Hii si mimba," daktari alisema.

Nikamtafsiria. Shangazi akasema alhamdulillahi mara tatu, akalia, akaniomba msamaha kwa mambo ambayo hakuwahi kuyatamka. Daktari alikuwa hajamaliza. Ni uvimbe, akasema, uko kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, na ana shaka ni saratani. Shangazi akanigeukia, machozi mashavuni na tabasamu mdomoni. "Anasemaje?" Nikamwambia anasema nitahitaji dawa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupunguza maneno. Mara ya kwanza ilikuwa huruma, na huruma ni mlango usio na komeo.

Upasuaji ulitaka idhini. Nilikuwa mtu mzima na kalamu nilikuwa nayo, lakini daktari alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha kujua kwamba binti asiyeolewa hapasuliwi tumbo mpaka baba yake aseme ndiyo. Baba alikuwa na ng'ombe upande wa Sangailu. Tulituma ujumbe kwa lori, na siku ya nne akafika, vumbi hadi kwenye nyusi, fimbo mkononi, na kibuyu cha samli alichoniletea kana kwamba nina mafua.

Sikuwahi kumsikia baba akitamka neno moja la Kiswahili. Miaka ya vita vya shifta, kabla sijazaliwa, serikali ilimweka ndani ya seng'enge pamoja na ng'ombe wake, watu na mifugo wakihesabiwa asubuhi kwa amri moja ya Kiswahili. Ng'ombe wengi hawakutoka. Nilipomwambia nakwenda chuo cha ualimu na nitafundisha Kiswahili, alisema, "Aabo, unakwenda kusomea lugha ya kuamrisha watu." Kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye: mimi nilimwita aabo, naye akaniita aabo. Hakunizuia. Ila mwenye duka akimsemesha Kiswahili, alimpita macho kama hayupo. Niliamini hajui, na mji mzima uliamini hivyo.

Tuliketi watatu katika chumba cha daktari, feni ikizungusha joto. Daktari alimtazama baba, kwa adabu, akasema polepole ili nipate nafasi.

"Mwambie mzee kuna njia mbili. Ya kwanza, nitoe vyote, vifuko vyote viwili pamoja na kizazi. Hutazaa, lakini hatari inapungua. Ya pili, ugonjwa ukiwa kushoto peke yake, nitoe upande huo tu, niache kizazi na kifuko cha kulia. Unaweza kuzaa. Lakini siwezi kuapa kwamba hakuna kilichojificha. Ugonjwa ukirudi, unaweza kukuua."

Nilijua baba angechagua nini. Baba yupi angechagua kaburi? Lakini mimi nilitaka mtoto. Naliandika hili bila haya: nilimtaka mtoto kuliko nilivyoogopa kufa, kwa sababu katika umri ule kufa ni habari ya watu wengine.

"Anasema ugonjwa uko upande mmoja," nilimwambia baba kwa Kisomali. "Atatoa upande huo, mengine ataacha."

Baba alikuna ndevu zake zenye hina. Alikuwa amechinja wanyama maisha yake yote, amefungua matumbo mangapi na kukuta maini yenye vifuko vya maji. Akauliza swali la mfugaji: "Mwulize, mfuko wa ugonjwa huo ni mzima au umepasuka?"

Nikauliza. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee huyu angefaa kazi yangu. Hilo ndilo swali lenyewe. Ukiwa mzima, naweza kuacha kizazi. Ukiwa umepasuka na kumwaga uchafu wake, itabidi nitoe vyote. Na sitajua mpaka nifungue."

"Ni mzima," nikamwambia baba.

Baba alinitazama. "Amesema maneno mengi."

"Kiswahili ni kirefu, aabo."

Akaihamishia fimbo mkono mwingine. Kisha akasema, kwa Kisomali chake cha malishoni, nimwambie daktari afanye lolote litakalomrudishia binti yake. Nikamgeukia daktari, uso mkavu.

"Baba anasema kizazi kisiguswe, kwa hali yoyote ile."

Daktari alimwangalia baba, akaniangalia mimi, akaandika. Baba akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akajifuta kwa pindo la shuka yake.

Jioni ile nililala wodini nikiwatazama makorongo wa Garissa, wale wenye vichwa vya upara, wakitua juu ya migunga karibu na shimo la taka. Mtu anayebeba maneno ya watu wawili amebeba amana, tangu chuo cha Kurani kwa maalimu tulifundishwa hivyo. Mimi nilikuwa nimeila amana ya pande zote mbili kwa mkupuo. Na polepole nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimemfunga daktari mikono. Akifungua akakuta mfuko umepasuka, karatasi ingemwambia anishone na ugonjwa wangu ndani, kisha baba angenizika huku akijiuliza kwa nini mfuko mzima umeua. Niliogopa kufa, hatimaye, kama watu wengine.

Asubuhi waliponisukuma kuelekea chumba cha upasuaji, niliamua kusema. Taa ilikuwa usoni, watu wote wamefunika midomo, sikujua daktari ni yupi mpaka aliponiinamia.

"Daktari," nikasema, "baba hakusema vile. Mimi ndiye..."

"Najua," akasema. "Lala."

Nilidhani ananibembeleza. Nilitaka kumwambia hajui, hawezi kujua, lakini dawa ilikuwa imeshafika ulimini, na ulimi wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ukatii.

Nilizinduka nina kiu na maumivu. Mkono ulikwenda wenyewe chini ya shuka, ukakuta bendeji pana, na bendeji haisemi kilichotolewa. Nilimwuliza sista. Akasema daktari atakuja. Nikamwuliza tena, akanilowesha midomo kwa pamba. Nikamwuliza kama mimi bado ni mwanamke, swali la kijinga, nalijua, naye akaniambia nipunguze kelele, kuna wagonjwa. Makorongo walikuwa bado juu ya miti. Nilingoja tangu adhuhuri hadi alasiri, na sijawahi kungoja hivyo tena.

Daktari alikuja, akavuta kiti.

"Mfuko ulikuwa mzima. Nimetoa upande wa kushoto. Kizazi kipo, na kifuko cha kulia kipo."

Nililia hadi mshono ukaniadhibu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba yako alinijia leo baada ya swala ya alfajiri. Nilimkuta amesimama langoni kwangu."

"Na nani? Nani alimtafsiria?"

"Hakuna. Alisema mwenyewe." Daktari akanirudishia maneno kama alivyoyapokea, kila p ikiwa b: "'Daktari, mimi nasikia Kiswahili. Mtoto yangu amebunguza maneno. Hiyo mfuko kama ni nzima, wacha kizazi. Kama imebasuka, ondoa yote, unibatie mtoto yangu.' Nikaandika karatasi nyingine, nikamsomea mbele ya sista, akaweka kidole upya."

Katika madaftari ya wanafunzi nimeipigia "mtoto yangu" mstari mwekundu hadi kalamu zikaisha wino. Siku ile nilimwomba daktari airudie.

Wenye haraka wataniuliza kama nilizaa. Nilizaa, mara mbili, kwa mtu yule yule wa Wajir, na wa pili ana domo kama langu. Majibu ya vipimo vya uvimbe kutoka Nairobi yalithibitisha ni saratani, na kwa miaka kadhaa nilikwenda kupimwa, kwanza kila miezi mitatu, kisha kila sita. Haikurudi. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyotoka wodini, wakati hayo yote sikuyajua.

Nilimkuta baba kwenye kivuli cha veranda, fimbo magotini, akiwatazama mbuzi wakitafuna maboksi ya dawa. Nikasimama mbele yake, mkono juu ya mshono. Nikasema kwa Kiswahili, nikitaka ajue kwamba najua:

"Baba, nilikudanganya. Nisamehe."

Hakugeuza kichwa.

"Aabo," akasema kwa Kisomali, "mimi sijui lugha hiyo. Nitafsirie."

Nikamtafsiria. Nilianza tangu mwanzo, chumba cha daktari, njia mbili na hatari ya kila moja. Nikamwambia kwamba hakuna aliyejua kama mfuko ni mzima, kwamba kilichoachwa ndani kinaweza kuficha ugonjwa, kwamba ukirudi unaweza kuniua. Nikamwambia na yale niliyoyatia kinywani mwake. Mara mbili nilipotea katikati ya sentensi, naye akangoja bila kunisaidia. Sikupunguza neno.

Nilipomaliza, aliinuka, akachukua furushi langu la nguo, akaliweka begani.

"Haya," akasema. "Sasa nimesikia."