Mutoto Ambaye Kompyuta Ilimkatalia Kuzaliwa

Juzi, katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, mama mmoja alifuata cheti cha kuzaliwa cha mutoto wake. Bila hicho hangemvusha mpaka wa Bunagana akamwone baba yake aliye ng'ambo. Karani akatazama kompyuta.

«Mama, huyu atazaliwa mwezi wa tano. Sisi bado tuko katika wa tatu.»

«Na huyu anayenyonya, papa, ni nani?»

Fundi akaitwa. Programu moja ilituma tarehe ya kuzaliwa, 05/03, ikitanguliza siku; nyingine ikaisoma ikitanguliza mwezi. Akazipanga zote zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mutoto akazaliwa mbele ya foleni nzima.

Makarani wetu hugonga muhuri kama wanaua nyoka. Huyu aliukandamiza taratibu, maana mutoto alikuwa amesinzia.