Kitenge Mgongoni mwa Baba

Wanapofyeka majani nje ya ofisi yetu, harufu yake hunirudisha mteremkoni kwetu, kijijini Ukata. Desturi ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo na matuta mlimani, ni hii: mwanaume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba, mwanamke huyafukia kwa udongo. Mwaka ule mama alikuwa na mtoto mchanga, na yeye mwenyewe homa haimwachi, na mvua zilikuwa zimekaribia. Baba akamaliza kufyeka, akachukua jembe la mama.

Wapita njia wakamcheka. "Na kitenge utajifunga lini, shemeji?"

"Nikimaliza mteremko huu," alijibu bila kuinua kichwa.

Jioni mama alikuja taratibu na mtoto, akatazama. "Matuta yamepinda, baba."

Baba akacheka, akamchukua mtoto, akajifunga mgongoni kwa kitenge cha mama, akafumua tuta la kwanza ili alinyooshe.