Mtoto aliyeniitikia "ndiyo" kwa kila swali

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya hata mke wangu sijamsimulia, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni tabibu kwenye kituo kimoja cha afya huku Uyui, Tabora. Majuzi mama mmoja wa Goweko alileta binti wa kaka yake, miaka minane, anaishi naye. Fomu ya polisi, PF3, mkononi.

"Dokta, aliyemuumiza ni yule kibarua wetu wa tumbaku. Andika tu."

Mtoto akapiga goti, "Shikamoo." Nikamtoa shangazi nje, maana mtoto hasemi ya moyoni mbele ya aliyemleta. Hapo nikajiona fundi kweli kweli.

Nikaanza. Kibarua alikuumiza? "Ndiyo." Nyumbani? "Ndiyo." Zaidi ya mara moja? "Ndiyo."

Kalamu inakimbia tu. Nesi wangu, mama wa Kinyamwezi asiyeniogopa hata chembe, akanivuta koti. "Muulize kama leo amekuja kwa ndege."

Nikauliza.

"Ndiyo."

Aisee, nikaweka kalamu chini! Wengi wetu tumelelewa hivyo: mkubwa akiuliza, unaitikia. Ukimkatalia unaambiwa huna adabu. Kumbe nilikuwa namlisha majibu, kuna mtu angeenda kuozea ndani bure, na mhusika angebaki na mtoto.

Nikayafuta kwa mstari yote niliyoandika. Nesi akakaa chini sakafuni, akamwambia kwa Kinyamwezi kwamba hapa ukisema hapana hakuna wa kukukasirikia, na usichokijua sema sijui.

Akamjaribu: "Mimi ni mwanaume?"

"Hapana." Akacheka kidogo.

"Haya, tusimulie wewe."

Tukanyamaza. Wakuu, kunyamaza ni kazi! Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya meza kama ya mwanafunzi kwenye mtihani.

Mwishowe mtoto akasema taratibu, "Kibarua hajanifanya kitu. Ni mume wa shangazi."

Na shangazi yuko kwenye benchi pale nje, anasubiri waondoke.

Hakuondoka na mtoto. Tuliita ustawi wa jamii na polisi, mtoto akalala kwa bibi yake.

Nilichojifunza: mtoto usimtajie jina la mtu unayemshuku, mwache asimulie mwenyewe.

Ila roho haitulii. Miaka tisa nimeziandika hizo "ndiyo" na kugonga muhuri. Wangapi niliwarudisha nyumbani kwa mtu yule yule?

Wenye uzoefu wa kazi hii, semeni chochote. Hata kunitukana, sawa tu.