Sufuria la Shaba la Brezik

Kipimo kilikuwa kiazi. Draginja Latinović alikitupia ndani ya pipa lililotobolewa kitako, pamoja na nguo za wapiganaji, akafunika juu kwa blanketi lililolowa. Chini ya pipa, sufuria kubwa la shaba lilichemka na kutoa mvuke. Kiazi kikiiva, chawa wamekufa, na mayai yao pia. Kila mara alitokea mpiganaji mwenye njaa akakichomoa kiazi kile katikati ya suruali za wenzake na kukila kikingali moto. Draginja aligeuza uso. Katika miaka yake hamsini na mitatu alikuwa amezalisha wanawake, ameosha maiti na kusafisha matumbo ya nguruwe, lakini hilo lilimshinda.

Ilikuwa Desemba 1942. Brezik, kijiji cha nyumba sitini chini ya mlima Grmeč, kilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa msituni tangu kiangazi. Polisi wa zamani walikuwa wamekimbia, na sasa wanakijiji walitawaliwa na kamati ya watu saba waliyoichagua wenyewe. Kamati iliamua nani atoe mkokoteni, nani alaze wapiganaji wangapi, na ng'ombe aliyeingia shamba la jirani alipiwe nini. Draginja, mjane na mmoja wa hao saba, alipewa kazi ya afya kwa sababu hakuna mwanamume aliyeitaka. Alikuwa na sharti moja la kusimamia: mpiganaji asiingie nyumba ya mtu kabla nguo zake hazijapita kwenye mvuke. Ng'ambo ya mlima, homa ya chawa ilikuwa imefuta kaya nzima nzima.

Sufuria lilitolewa na mwenyekiti, Rade Bundalo. Lilikuwa la marehemu baba yake, la kutengenezea rakija, pombe kali ya plamu. Rade alilikabidhi kwa hotuba ndefu, watu wakampigia makofi. Siku hiyohiyo alisoma amri ya kamati: hakuna kutengeneza rakija mpaka vita viishe, plamu zote zikaushwe kwa ajili ya jeshi.

Asubuhi ya tarehe kumi na nane Draginja alikuta mafiga matupu. Alama za kuburuta kwenye theluji zilimfikisha bandani kwa Rade. Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa, anachochea kuni, na harufu ya plamu zilizochacha imejaa kote.

"Ndugu mwenyekiti, leo unafua?"

"Shangazi Draginja, karibu. Usinitazame hivyo. Kesho ni siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, na kamanda anaweza kupita. Nimpe maji ya kisima?"

"Amri uliisoma wewe mwenyewe."

"Ile ya watu kujilewea. Hii ni ya kupokea wageni."

"Wiki sita chawa wa watu wamedondokea humo, Rade."

"Nimelisugua kwa majivu. Halafu moto unasafisha, si ndivyo unavyotufundisha?"

"Kesho wanashuka watu arobaini kutoka ng'ambo. Nitawaweka wapi?"

"Kesho kutwa unalipata. Chawa watasubiri siku mbili." Akatabasamu. "Chupa ya kwanza yako. Jisugulie magoti."

Draginja aliwaendea wajumbe wengine mmoja mmoja. Wa kwanza alisema siku ya mtakatifu isiyo na rakija ni aibu ya kijiji kizima. Wa pili alitazama dari. Kwa wa tatu aliona ndoo tupu mlangoni, ukingo wake bado umegandwa na maganda ya plamu, akaelewa kwa nini hakuna aliyemuunga mkono: kila mmoja alikuwa amepeleka plamu zake kwa Rade zikachanganywe humo. Jioni hiyo walifika matarishi wawili wa jeshi wakiwa wameloa. Katibu wa kamati akawapeleka, nguo zao bila kupita kwenye mvuke, kulala kwa Simana Karanović, mwanamke ambaye mumewe alikuwa vitani. Draginja alipata habari asubuhi, walipokuwa wameshaondoka.

Mchana wale arobaini wakafika. Kiongozi wao, Uroš, aliyekuwa fundi viatu kabla ya vita, alijikuna hadi akatoka damu shingoni.

"Shangazi, tumeambiwa hapa kuna pipa."

"Pipa lipo. Sufuria liko kwenye sherehe."

"Sherehe gani?"

Draginja aliwahesabu kwa macho. Wakilala nje, baridi ingewaua. Wakilala majumbani, wangewaua wenyeji. Kisha akakumbuka kwamba siku ya mtakatifu wa nyumba mgeni haalikwi. Anakuja tu, na mwenye nyumba anayemfungia mlango hasahauliwi na kijiji hata akizikwa.

"Watu wako wana njaa?"

"Tangu juzi hatujala, shangazi."

"Basi nifuateni. Msipite langoni mpaka niseme."

Kwa Rade kamati nzima ilikuwa mezani, mashavu mekundu. Bandani sufuria lilikuwa likichemka kwa mkupuo wa pili. Smilja, mke wa Rade, ndiye aliyetoka kwanza kuwapokea. Akaona kola za waliosimama mbele. Kola zilikuwa zikitembea.

"Wageni wa mtakatifu, ndugu mwenyekiti," Draginja aliita kutoka langoni. "Sharti linasema wasiingie bila mvuke. Lakini mvuke unao wewe. Ukisema waingie, wataingia."

Rade akaja na bilauri mkononi. "Shangazi, utani mwingine si mzuri."

"Nani anatania? Watu wanasubiri theluji ikiwaangukia. Sema moja."

"Wapeleke shuleni."

"Shule ina watoto."

"Na hapa hakuna watoto?" Smilja alimgeukia mumewe. "Rade, litoe hilo sufuria, la sivyo nakumwagia wewe."

Rade aliingia bandani. Alipotoka alikuwa amekumbatia chupa alizokwishajaza, na akazificha kwanza ndipo akaita wanaume wa kubeba. Uji wa plamu ulimwagwa kwenye theluji. Nguruwe walikuja kuula, na mjumbe mmoja wa kamati akainama kuchota kwa bilauri yake kabla hawajaumaliza. Draginja alimwona. Akatema pembeni.

Wapiganaji walikaa zizini wamejifunika mablanketi mpaka nguo za wote arobaini zikapita. Usiku huo walilazwa majumbani, na katika nyumba hizo hakuna aliyeugua.

Aliugua Simana. Wiki mbili baadaye alikuwa anamwita mumewe na kung'oa majani ya godoro. Draginja alimnyoa nywele, akamlisha maji kwa kijiko. Baada ya siku tisa akamwosha kwa mara ya mwisho.

Kamati ilikutana kupitisha taarifa ya kupeleka wilayani. Katibu alisoma: kwa uongozi wa mwenyekiti, wapiganaji arobaini walisafishiwa nguo kwa siku moja, na afya ya kijiji ililindwa.

"Wanaokubali?" Rade aliuliza. Mikono sita ikainuka. "Shangazi, umesinzia?"

"Niko macho."

"Basi inua mkono tumalize."

"Sikubali."

Katibu alisimamisha kalamu. Tangu kamati ianze hakuna aliyewahi kukataa kitu, na hakujua inaandikwaje.

"Andika mmoja amekataa," Draginja alisema. "Chini yake andika Simana Karanović alikufa, na sufuria lilikuwa wapi siku ile."

"Karatasi imejaa," Rade alisema.

"Geuza nyuma," alisema Draginja, akabaki ameketi mpaka katibu alipoigeuza.