Mistari Ambayo Hakuisoma

Kazini walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Programu ya simu ambayo wenzake waliiombea muda wa mwezi mzima, yeye aliimaliza kwa wiki, kwa kuchukua msimbo wa kompyuta ulioandikwa na watu asiowajua na kuupachika kwenye wake. Hilo si dhambi, mafundi wote hufanya hivyo. Dhambi ni kuupachika bila kuusoma.

Programu yenyewe ilikuwa ya duka la dawa: unaagiza, unaletewa mlangoni. Ilihitaji ramani, naye akaokota mtandaoni ramani ya bure, msimbo wa mistari elfu sita.

"Umeisoma yote?" bosi alimwuliza.

"Yote, bosi."

Hakusoma hata mia, mwongo mkubwa.

Dada yake alikuwa wa kwanza kuipakua, kumuunga mkono mdogo wake. Wakati huo alikuwa amejificha kwenye chumba cha kupanga, akimkimbia mume aliyezoea kumpiga. Waliokijua chumba hicho ni wawili tu, mama yao na Chapuchapu.

Jumanne moja asubuhi mume akagonga mlango. Majirani walimfukuza, lakini dada alihama siku hiyohiyo, na lawama zote akamtupia mama. "Mdomo wako hauna breki, mama."

Ndipo Chapuchapu akaketi kuisoma ile ramani. Katikati kulikuwa na mistari michache iliyotuma namba ya kila mteja, na mahali alipo, kwa kampuni ya mbali inayouza habari hizo kwa yeyote anayelipa. Mume alikuwa na namba ya mkewe, hakuhitaji zaidi. Kazini Chapuchapu alikiri, programu ikafungwa. Nyumbani alikosa ulimi. Kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi, na hatia ikamnyima hata usingizi.

Baada ya wiki tatu mama akawaita wote wawili sebuleni. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "nimefikiri sana. Niliwahi kukutana sokoni na shangazi wa mumeo. Sikumbuki kukutaja, lakini uzee huu nao. Itakuwa ni mimi tu. Nisamehe."

Dada akaanza kulia. Chapuchapu akasimama.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Ni ile programu yangu."

Mama akamshika mkono, akaupapasa.

"Mwone mdogo wako," akamwambia dada. "Yuko tayari hata kunibebea kosa langu."