Breki ya Mkono wa Kushoto

Jumapili moja katika miaka ya tisini, mimi na shemeji yangu tulitoka Toronto kwa baiskeli, tukaelekea kaskazini kwenye vilima na vijiji vya kale vyenye makanisa ya mawe. Baiskeli yangu ilikuwa mpya. Juu ya mteremko wa kwanza, shemeji alinionya kwamba huku breki ya kushoto hukamata gurudumu la mbele, si la nyuma kama kwetu Tanga.

"Umelithibitisha hilo, au umesikia tu?" nilimuuliza.

"Nimeambiwa dukani, shemeji."

"Basi ni uvumi," nilimjibu, nikajiachia mteremkoni.

Chini, kwenye njia panda ya kijiji, lori la maziwa lilikuwa likikatiza barabara. Kwa mazoea ya miaka arobaini nilibana breki ya kushoto kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likainuka, nikaiona lami ikinijia usoni. Niliachia, nikabana ya kulia, nikasimama hatua mbili tu kutoka kwenye matairi ya lori.

Shemeji alifika akihema. "Je, bwana mkubwa, sasa umethibitisha?"

Nilishuka, nikainua gurudumu la mbele, nikabana breki ya kushoto na kujaribu kulizungusha. Halikuzunguka.